Kilo ya Pili

Kwa miaka thelathini na mmoja Edelmira alikanda unga katika bekari ya Bwana Fermín, kwenye kilima kimoja cha Valparaíso, na miaka yote hiyo daftari la wafanyakazi lilimwita msaidizi. Fundi alikuwa Eleuterio, mume wake. Eleuterio ndiye aliyelipwa mshahara wa fundi, ndiye aliyepigwa picha pamoja na wanaume wenzake ikatundikwa katika ukumbi wa chama cha waokaji, na ndiye aliyetoka kazini na kilo mbili za mkate. Ndivyo walivyozoea waokaji wa huko: kila mfanyakazi huondoka na mkate wake wa siku, msaidizi kilo moja, fundi kilo mbili. Edelmira hakulalamika. Mkate wote uliingia nyumba moja.

Mungu alipomchukua Eleuterio, Edelmira alihamia kaunta, maana magoti yalikuwa yamekataa kusimama. Bwana Fermín akabandika tangazo la kutafuta fundi. Vijana wa mtaani walilisoma, wakauliza mshahara, wakaenda zao. Nani aamke saa tisa usiku, akaungue mikono, kwa pesa ile? Tangazo lilikaa mlangoni hadi jua likafuta maandishi.

Ndipo akaja Wilnor, Mhaiti wa miaka arobaini hivi, aliyeacha mke na mabinti wawili kwao. Akawekwa kwenye tanuri, lakini daftarini akaandikwa mfagiaji. Bwana Fermín alisema ni kwa muda tu.

Edelmira ndiye aliyemfundisha. Akiwa amekaa kwenye kiti chake alimwonyesha jinsi ya kuviringa madonge, kuyaunganisha mawili mawili, na kuyakandamiza kwa kijiti katikati ili mkate ukiiva umegeke vipande vinne bila kisu. Mwaka wa pili Wilnor alikuwa amempita. Watu walipanda ngazi kutoka mtaa wa chini kuufuata mkate wake. Wakimsifu, Edelmira alijibu kwamba huo bado ni mkono wa Eleuterio.

"Mama," Wilnor alimwambia siku moja huku akicheka, "marehemu amenipa mkono, lakini mshahara wake kaondoka nao."

Mwaka wa tatu alimnong'oneza jambo. Alikuwa amekwenda ofisi ya kazi, na mkaguzi angekuja. Akiandikwa fundi, na mshahara wa fundi kwenye mkataba, angeweza kuomba mke na mabinti wamfuate. Bila hilo, wasingeruhusiwa.

"Bosi atasema nafagia. Mimi nikibisha, nani ataniamini? Lakini wewe kila mtu anakujua, unashinda kanisani. Ukiulizwa, sema unachokiona tu."

"Mimi sisemi uongo, mwanangu," alimjibu, na aliyaamini maneno yake.

Mkaguzi alikuja Alhamisi saa kumi alasiri, mkate wa chai ya jioni ukiwa unatoka na foleni imefika nje. Alikuwa binti mpole kutoka Santiago, mji mkuu. Akaanza vibaya: kabla ya kujitambulisha aliomba robo kilo ya marraqueta. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Binti, hapa huo tunauita batido," mzee mmoja wa kwenye foleni akamwambia. "Hilo jina lenu lirudishe huko huko, lisije likaulainisha mkate wetu."

Binti mwenyewe akacheka, Edelmira akacheka hadi akafuta machozi. Kisha karatasi ikatolewa. Mkaguzi aliandika wanaume wangapi, wanawake wangapi, wageni wangapi, umri wa kila mmoja. Akafika penye kazi: fundi, msaidizi, usafi. Bwana Fermín akasema upesi kwamba tangu Eleuterio afariki tanuri analisimamia mwenyewe. Shati lake halikuwa na hata chembe ya unga.

Mkaguzi alimtazama, akalitazama shati, akamgeukia Edelmira.

"Na huyu bwana, mama, kazi yake ni nini?"

Wilnor alikuwa mbele ya tanuri, akitoa mikate kwa ubao mrefu wenye mpini, jasho likimchuruzika. Edelmira alimwona vizuri. Aliuona pia ubao, na mahali pale kwenye mpini palipolainishwa na kiganja cha mume wake. Kicheko kilikuwa bado mdomoni.

"Ananisaidia," akasema.

Kalamu ikaandika. Wilnor hakugeuka. Alimalizia kutoa mikate, akausimamisha ubao ukutani.

Njiani kwenda nyumbani Edelmira alijiambia kwamba hakusema uongo. Ngazi za kwake ni mia moja na nne, na kabla hajafika nusu alikwisha kuikumbuka sauti ya Eleuterio. Kila mtu alipouliza mkewe anafanya nini pale bekari, Eleuterio alijibu neno hilo hilo, kwa upendo kabisa. Na ni neno hilo lililompa yeye pensheni isiyotosha hata dawa za magoti.

Asubuhi Wilnor alimsalimu kama kawaida. Baadaye, wakiwa peke yao, alisema, "Ungesema hujui tu, mama."

Jumamosi aprani yake ilikutwa imekunjwa mezani. Walisema amekwenda kusini kuchuma cheri.

Edelmira alikwenda ofisi ya kazi. Akaambiwa ripoti imefungwa, na malalamiko huletwa na mfanyakazi mwenyewe, anapatikana wapi? Hakuwa na namba yake. Miaka mitatu, hakuwahi kuiomba. Akaenda kuungama. Padri alimpa sala, akazimaliza kabla ya kufika nyumbani, na moyo haukutulia.

Wiki iliyofuata Bwana Fermín alimpimia kilo mbili. Akasema ni kwa heshima ya Eleuterio, na kwamba, akiweza, arudi kwenye meza ya kukandia amsaidie kidogo mpaka apatikane mtu.

Kilo ya pili Edelmira aliitamani ujana wake wote. Aliufungua mfuko juu ya mizani, akatoa mkate mmoja mmoja hadi mshale ukarudi kwenye kilo moja.

"Kazi hiyo ina jina lake, Bwana Fermín," alisema. "Hata Alhamisi ile nililijua."

Bwana Fermín aliikusanya mikate iliyobaki juu ya kaunta, akamuuzia mtu aliyefuata.