Zile za Mashine Hazifutwi

Ijumaa alasiri, wafanyakazi wa chumba cha kufulia cha hoteli walipangwa mstari mbele ya meza ya Msimamizi, kila mmoja na simu yake mkononi, kama watoto wanaokaguliwa kucha. Kuanzia Jumatatu daftari la mahudhurio lingewekwa kando. Kila mtu angeingia kazini kwa simu: anafungua programu ya kampuni, anapiga picha ya uso wake mlangoni, basi. Asiyekuwemo kwenye programu hakuja kazini, hata kama amesimama pale jasho linamchuruzika.

Shangazi alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani, ila baada ya miaka kumi na minne ya kupiga pasi mashuka jina lilikuwa limemganda, na hata meneja alimwita hivyo. Simu yake ilikuwa ya siku nyingi, kioo kimepasuka kona moja, mfuniko wa nyuma umeshikiliwa na mpira wa nywele. Alijaribu kuipakua programu mara tatu, na mara tatu simu ikamjibu vilevile: nafasi haitoshi.

"Memori imejaa," alisema.

"Lazima ijae, simu yenyewe kikongwe." Msimamizi alinyoosha mkono. "Lete nikusafishie, dakika mbili tu."

"Nitaisafisha mwenyewe."

"Sawa, lakini anza na picha. Hasa zile za mashine. Zinakula nafasi bure, hazina kazi."

Shangazi aliikamata simu sawasawa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote ofisini habari za picha za mashine. Aliitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni, akafunga kifungo.

"Jumatatu nitakuwemo," alisema, akaenda kuchukua mkoba wake.

Picha zenyewe zilikuwa sitini na moja. Chanzo chake kilikuwa karibu miaka miwili nyuma, bomba la mvuke la ile mashine kubwa ya pasi lilipoanza kuvuja kwenye kiungo. Mashine ile humeza shuka zima kwa mkupuo, na wanawake wawili husimama mbele yake kuilisha, mmoja huku na mwingine kule. Shangazi alitoa taarifa, akaandika kwenye daftari la hitilafu. Fundi akaja, akafunga kitambaa na waya, akaenda zake. Baada ya wiki mvuke ukarudi palepale. Akaandika tena. Kisha siku moja daftari likapotea, likaletwa jipya, jeupe pe, kana kwamba mashine ile haijawahi kuugua hata mafua. Tangu siku hiyo, kila alipoandika alipiga picha mbili: moja ya bomba, moja ya ukurasa. Jozi thelathini.

Ile ya sitini na moja ilikuwa ya peke yake. Aliipiga wiki tatu zilizopita, siku kiungo kilipofumuka na kumuunguza Mrefu, dada aliyesimama naye kwenye mashine ile kwa miaka sita. Mvuke ulimshika mkono kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko. Sasa Mrefu alikuwa nyumbani, mkono umefungwa bendeji, na juu ya kabati lake kulikuwa na barua ya ofisi iliyosema hakuna taarifa yoyote ya hitilafu iliyowahi kupokelewa, na kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe. Daftari jipya nalo halikuonekana tena. Alhamisi angekuja mkaguzi wa usalama kazini.

Jumamosi asubuhi Shangazi aliketi mezani na binti yake, mwanafunzi wa chuo aliyerudi kwa likizo fupi, wakaiweka simu katikati yao kama mgonjwa.

"Ngoja tuone nani anakula," binti alisema, akafungua mipangilio. "Simu ina GB kumi na sita. Kumi na kitu zimechukuliwa na mfumo wenyewe, hizo hatuzigusi. Hizi hapa programu. Mama, una tochi nne za nini?"

"Nne?"

"Tochi nne. Na hii ya kusoma nyota."

"Hiyo baba yako."

Tochi tatu zikaondoka, nyota zikaondoka, ukaondoka na mchezo wa kupanga peremende ambao kila mmoja alidai si wake. Binti akafuta mabaki ya muda ambayo kila programu huyaacha nyuma yake. Wakafuta picha za sakafu, picha za ndani ya mfuko, picha kumi na saba za kidole gumba. Shangazi akajaribu tena kupakua. Nafasi haitoshi.

"Imekuwaje? Si tumefuta?"

"Tumezitupa kwenye pipa, na pipa bado limo humuhumu ndani. Hukaa siku thelathini ukitaka kuzirudisha." Binti alilimwaga pipa. Nafasi iliongezeka, lakini bado haikutosha. Akatazama orodha. "Mama, zile za mashine zina karibu MB mia tatu. Ndiyo nafasi hasa tunayoitafuta."

"Hazifutwi."

"Nitazinakili kwenye kompyuta kwa waya, hazitapotea."

"Zinakili, vizuri sana. Lakini humu hazitoki."

"Kwa nini, kama nakala ipo?"

Shangazi alimtazama mwanawe. "Kwa sababu ameniambia nizifute. Miaka kumi na minne sijawahi kumsikia akijali simu yangu ina nini ndani. Akinitaka nizitoe kwenye simu, basi zitakaa kwenye simu."

Binti hakubishana. Alichomeka waya, akanakili zote kwenye kompyuta yake na kwenye flashi. Akamwonyesha mama yake kwamba ukigusa maelezo ya picha unaiona tarehe na saa iliyopigwa, na kwamba ukiituma kwa wasapu maelezo hayo yanafutika, kwa hiyo asimtumie mtu kwa njia hiyo. Shangazi aliyarudia maneno hayo kwa sauti mpaka yakakaa.

"Sasa twende huko huko wasapu," binti alisema. "Huko ndiko kwenye balaa."

Kundi la ukoo peke yake lilikuwa limekalia karibu GB mbili. Humo alitawala shemeji yake Shangazi, mdogo wake mumewe, mtu mwema asiye na kazi nyingi, aliyewaamsha watu kila alfajiri kwa ua waridi linalometameta. Baada ya ua ilifuata video ya daktari asiyejulikana akikataza watu kunywa maji wakiwa wamesimama. Baada ya daktari, watoto wachanga wanaocheza dansi, na kila kitu kikatumwa mara mbili, endapo kuna aliyelala.

"Futa moja moja itatuchukua wiki," binti alisema. "Au unatoka kwenye kundi, tunalifuta lote kwa pamoja. Lakini wataona umetoka."

"Waone."

Alibonyeza mwenyewe. Haikupita robo saa simu ikaita.

"Shemeji, nimekukosea nini?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Naambiwa umetoka. Umetutupa?"

"Sijawatupa, shemeji, nimewafuta. Nilihitaji nafasi."

"Nafasi ya nini inayozidi familia?"

"Ya kazi. Njoo Jumapili ijayo tule, unieleze hayo ya kunywa maji kwa mdomo wako."

Alinung'unika, lakini alisema atakuja. Shangazi akarudi kwenye simu, akabonyeza pakua. Duara likazunguka, likasita, likazunguka tena, mpaka nembo ya kampuni ikajitokeza kwenye kioo, karibu kabisa na ule ufa.

Jumatatu alifika mapema. Programu ilimwambia asogeze uso. Akasogeza. Ikamwambia mwanga hafifu. Akahamia chini ya taa, akavua kilemba, akavaa tena, na nyuma yake foleni ikaanza kucheka. Mara ya tano ikamkubali, ikaandika amewasili saa moja kasoro dakika mbili.

Msimamizi alikuwa amesimama kando ya toroli la foronya. "Kumbe imewezekana. Umezifuta zile?"

"Nimefuta visivyo na kazi," Shangazi alisema.

Alhamisi waliitwa kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye faili nene na sauti ya chini. Mrefu alikuja na bendeji yake, akakaa karibu na mlango kama mgeni. Meneja alieleza kwa ufasaha: kampuni inajali, mashine inatunzwa, hakuna aliyewahi kulalamika.

"Kuna mwenye la kuongeza?" mkaguzi aliuliza.

Kwa dakika moja nzima Shangazi alitamani mtu mwingine asimame. Hakusimama mtu. Akasimama yeye.

"Nililalamika zaidi ya mara thelathini," alisema. "Thelathini ninazo humu."

Alimsogelea mkaguzi, akaanza kupitisha picha kwa kidole, moja baada ya nyingine, bila haraka. Bomba, ukurasa. Bomba, ukurasa. Mwandiko wake, na chini yake saini ya Msimamizi ya kupokea taarifa. Kila aliposimamishwa aligusa maelezo, tarehe ikatokea. Mkaguzi alivaa miwani akaanza kuandika.

"Picha siku hizi hutengenezwa," Msimamizi alisema. Alikuwa hamtazami mtu.

"Na saini yako imetengenezwa?" mkaguzi alimuuliza.

Meneja aliinuka, akajaribu kutabasamu. "Shangazi, hii sasa ni mali ya uchunguzi. Iache simu ofisini, tuihakiki, kesho utaichukua."

"Hapana."

"Ni utaratibu tu."

"Madaftari mawili yameachwa ofisini," Shangazi alisema. "Simu ni yangu. Anayetaka kutazama atatazama nikiwa nimeishika, na nitasimama hapa mpaka jioni kama ni lazima." Akatoa flashi kwenye mfuko wa aproni, akaiweka juu ya faili la mkaguzi. "Hizi ni nakala zako, mama. Ofisi ikitaka zake, iziombe kwako."

Kule mlangoni Mrefu alikuwa amefunika mdomo kwa mkono wake mzima. Kama alikuwa akilia au akicheka, Shangazi hakuweza kujua.

Kabla ya saa sita mashine ilikuwa imezimwa, utepe mwekundu umezungushwa, na karatasi ya mkaguzi imebandikwa kifuani pake. Wiki iliyofuata barua ya uzembe ilifutwa kwa barua nyingine fupi, isiyo na neno samahani, na matibabu ya Mrefu yakabebwa na kampuni. Msimamizi alibaki kwenye cheo chake. Shangazi alihamishiwa kwenye kukunja taulo, kazi ya wanaoanza, na hakuna aliyemweleza sababu. Aliuliza kwa maandishi, akadai ajibiwe kwa maandishi.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Alasiri ile ya Alhamisi, mashine ikiwa baridi, zililetwa pasi za mkono kutoka stoo, na wanawake wanane wakasimama kwenye meza ndefu kunyoosha mashuka moja moja. Migongo iliuma. Simu ya ukutani haikukoma kulia, na Msimamizi akaja mara ya tatu kuuliza mashuka ya ghorofa ya tatu yako wapi, wageni wamefika, wamekaa juu ya masanduku yao.

"Bado," Shangazi alisema, akageuza shuka upande wa pili.

"Niwaambie nini?"

"Waambie wasubiri."

Msimamizi akatoka, wakamsikia kule kwenye korido, simu sikioni, akiwaambia wasubiri.