Picha ya Bingwa wa Tanga

Siri ni kitendawili, haina amani mpaka iteguliwe. Bibi Gulbanu alikuwa jikoni kwake Malvern, ughaibuni, alipomsikia mjukuu wake Sabreen sebuleni: "Babu, tazama nilichokuta sandukuni! Huyu si Bibi?"

Damu ikamganda. Ni ile picha ya 1957, yeye bingwa wa tenisi wa wanawake Tanga, sketi juu ya magoti. Miaka sitini amemficha mumewe picha hiyo! Akanyata hadi mlango wa sebule.

"Irudishe upesi, mama," mumewe, Mzee Mohamedtaki, alinong'ona. "Bibi yako asijue nimeiona. Siku ya mchezo ule wanaume tulikatazwa kuingia jimkhana, klabu ya michezo, nami nikapanda ukuta kumchungulia. Kesho yake nikapeleka posa."

Bibi akabaki mlangoni, hajui acheke au amtimue.