Intore Zilizofungwa Kitambaa

Jumamosi ya pili ya Agosti, sisi wanachama wa Chama cha Marafiki wa Mboga tulikula msimu mzima wa mwaka ujao katika jioni moja, halafu tukaandika barua kulalamika kwamba ulikuwa mchungu. Barua niliiandika mimi. Nina mwandiko mzuri. Ndiyo maana walinichagua kuwa sekretere, na sijawahi kusikia sababu nyingine.

Tuko watu ishirini na sita, wa mitaa miwili ya mjini, Songo na Nyamianda: watu wa ofisi, walimu, na mfamasia mmoja. Kabla ya kiangazi, kila mmoja wetu anampa Mama Apollinarie mchango wake ili atayarishe shamba, naye kila Jumamosi anatuletea kikapu cha alichovuna. Akivuna vizuri tunakula vizuri, akivuna vibaya tunavumilia pamoja naye. Hivyo ndivyo inavyosema ibara ya tatu ya katiba yetu. Hiyo habari ya kuvumilia tuliipigia makofi sana siku ya kuipitisha, kwa sababu kila mtu alidhani inamhusu mwenzake.

Shamba lenyewe liko nyuma ya Luvungi, upande ambao mvua husikika ikiwanyeshea wengine. Ni mchanga, miiba na jua. Misimu miwili ya kwanza chama kilimletea mbegu za paketi, zenye picha za mboga zinazong'aa kama viatu vya bwana harusi. Ziliota, zikatazama huku na huku, zikafa. Zilizobaki zimesimama ni intore za Mama Apollinarie, zile nyanya chungu nyeupe ambazo zikipikwa na mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu anasahau hata aliyekuwa anagombana naye. Mbegu yake aliachiwa na marehemu mama yake, aliyeipanda katika mchanga huohuo miaka arobaini, mpaka ikazoea kunywa maji kidogo. Bila mbegu ile, shamba lile ni uwanja wa mbuzi, na Mama Apollinarie hana shamba lingine.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba Jumamosi ni siku ya intore.

Sasa niseme habari ya vitambaa. Vikapu vyetu vinaletwa na Pitchou kwa pikipiki. Siku moja alimpelekea mfamasia kikapu cha mwalimu, na ugomvi wao ulihitaji mikutano miwili kuumaliza. Tangu hapo Mama Apollinarie alianza kufunga kipande cha kitambaa kwenye kila kikapu, chekundu kwa Songo, cha buluu kwa Nyamianda. Ikawa mtu mzima, mwenye diploma ukutani, hatulii moyo mpaka aone rangi yake. Tulizoea hivyo kwa miezi.

Ndipo kamati ikaamua tulitembelee shamba. Kwenye ripoti niliyaita matembezi ya mshikamano. Jumamosi ile ya Agosti tulikwenda watu kumi na watatu, wanaume watupu, na kofia mpya na simu zenye chaji kamili. Wake zetu, ambao ndio wanaojua mboga, walibaki kutupikia chakula cha kurudi. Mama Apollinarie alitupokea vizuri, akatuonyesha kisima chake ambacho maji yalikuwa yameshuka sana, akatuambia tuchume intore nyeupe kadiri tunavyotaka. Kisha akaenda kumsaidia binti yake Alliance kuvuta maji, maana mboga zilikuwa na kiu na sisi tulikuwa na maswali tu.

Tulichuma nyeupe kwa dakika kumi hivi. Halafu Niyonkuru, yule mfamasia, akatuita kutoka mwisho wa shamba kwa sauti ya mtu aliyegundua dawa. Palikuwa na miche kumi na minne iliyozungushiwa matawi ya miiba. Kila mche ulikuwa na tunda moja tu, kubwa kama ngumi, lililoanza kugeuka rangi ya chungwa, na kwenye kikonyo chake kimefungwa kipande cha kitambaa cha buluu.

Mtu mwingine angejiuliza. Sisi tulianza kugombana. Niyonkuru alisema buluu ni ya Nyamianda, kwa hiyo matunda yale yalitengwa kwa ajili ya Nyamianda, na miiba imewekwa kuwazuia watu wa Songo. Watu wa Songo walisema huo ni ubaguzi, tena wa mboga, na mmoja akataja ibara ya tatu ingawa haikuwa na uhusiano wowote. Mimi, mtu wa amani, nikapendekeza tugawane sawasawa, tunda moja kwa kila mtu, bila kuangalia mtaa. Walinipigia makofi. Tunda la kumi na nne tukaamua liwe la prezida wetu, Papa Niyongabo, aliyekuwa Bukavu kwenye msiba, nami nikakabidhiwa nimpelekee. Tuliondoka tumeridhika sana na demokrasia yetu.

Jioni ile mke wangu Eliane aliligeuza tunda langu mkononi, akaniuliza ni nani aliyeniuzia bibi kizee. Nilimwambia apike. Alipika bila neno, na katika ndoa yetu hilo si dalili nzuri. Lilikuwa chungu hata mbwa alilinusa akaenda zake. Kumbe hali ilikuwa hiyohiyo nyumba zote kumi na tatu, na Jumatatu nikaandika barua kwa niaba ya wanachama. Tunasikitika kukujulisha, niliandika, kwamba intore zilizofungwa kitambaa zilikuwa chungu kuliko kawaida, na mbegu zilikuwa nyingi kupita kiasi, tunakuomba urekebishe. Nikapiga muhuri mara mbili, maana wa kwanza haukutoka vizuri.

Mama Apollinarie hakuandika jibu. Alimtuma Pitchou atuambie kwamba anaomba msamaha, na Jumamosi iliyofuata kila kikapu kilikuwa na intore nyeupe tatu za nyongeza. Kamati ilifurahi. Kwenye ripoti niliandika kwamba mkulima ameelewa.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Pitchou aliniletea kikapu chepesi, kikiwa na mchicha wa lengalenga kidogo tu, nikaanza kumwuliza maswali ya kisekretere. Alizima pikipiki kwanza.

"Ile ya kitambaa ilikuwaka ya mbegu, Papa Sekretere," alisema. "Mulikula mbegu."

Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kila mwaka mama yule huchagua miche iliyovumilia jua kuliko mingine, anaiachia kila mmoja tunda moja, analifunga kitambaa ili mkono wake mwenyewe usije ukasahau ukalichuma, na analiacha mpaka liwe jekundu kabisa. Hiyo ndiyo desturi aliyoachiwa na mama yake. Tulipoondoka siku ile alizunguka shamba lote akitafuta tunda lingine la kuacha, lakini miche iliyobaki ilikuwa imechoka na kisima kimebaki tope, hakuna uliokuwa na nguvu ya kufikisha tunda kwenye wekundu. Mbegu ya akiba hakuwa nayo, kwa kuwa ile yote aliipanda mwaka huu, ili vikapu ishirini na sita vijae. Pitchou alisema ameanza kuulizia kazi ya kuuza samaki wakavu sokoni.

Niliona haya. Nilikumbuka barua na mihuri yake miwili. Mtu alikuwa amepoteza urithi wa mama yake, na mimi nikamtaka arekebishe.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo halimo katika ripoti yoyote. Tunda la prezida halikumfikia prezida. Nililiweka juu ya kabati, kando ya picha yetu ya harusi, kwa sababu lilikuwa zuri, na sekretere hana faida nyingine katika chama hiki. Papa Niyongabo aliporudi kutoka Bukavu nilimwambia liliharibika njiani. Alisema pole. Eliane alitaka kulitupa mara tatu, na mara tatu nikamkatalia kwa ukali, bila kujua ninatetea nini. Sasa lilikuwa jekundu sana, limenyauka kidogo, na kitambaa chake bado kwenye kikonyo.

Nililifunga katika kitambaa cha mezani nikapanda pikipiki ya Pitchou mpaka Luvungi. Njia nzima nilitunga hotuba yenye mambo ya mazingira magumu na mawasiliano hafifu baina ya pande mbili. Tulimkuta Mama Apollinarie ameketi mlangoni anafungasha makopo yake ya kumwagilia. Nilimpa lile furushi na hotuba ikanitoka kichwani yote.

Alipofungua hakuligusa tunda kwanza. Alikifungua kile kitambaa cha buluu kwa kucha, polepole, akakinyoosha juu ya goti lake. Alliance aliniambia kwa sauti ndogo kwamba ni kipande cha kitenge cha bibi yake. Nilikumbuka kwamba Niyonkuru amekifunga cha kwake kwenye ufunguo wa duka la dawa.

"Weye ulipataka wapi hii?" Mama Apollinarie aliuliza.

"Ilikuwa ya prezida," nilisema. "Minye niliiba."

Alilitazama tunda, akalitikisa karibu na sikio.

"Basi mwizi njo ametuponesha," alisema. "Usiambie wengine. Watazobelea."

Yaani wenzangu watazoea kuiba. Nilicheka, nikaona hacheki, nikaacha. Alimwomba Alliance kisu na bakuli la maji. Alilipasua tunda, akazikamua mbegu kwa vidole, akaziosha mara tatu, na kila mara alimwaga maji yale kwenye kiganja chake asije akapoteza hata moja. Zilikuwa nyingi, mamia, ndogo na za rangi ya njano. Kisha akasema anataka karatasi ngumu ya kuzianikia, na Alliance akaingia ndani akatoka na barua yangu.

Walikuwa wameitunza. Niliuona mwandiko wangu mzuri na ile mihuri miwili, mmoja umetoka vizuri. Mama Apollinarie aliilaza juu ya mkeka, akasifu karatasi ya chama kwamba iko nguvu, hailoani upesi, akaanza kuzipanga mbegu kuanzia juu. Alifunika kusikitika kwetu, akafunika uchungu kuliko kawaida. Mbegu za mwisho alizitandaza palipoandikwa kwamba mbegu zilikuwa nyingi kupita kiasi.

Nilimwomba msamaha. Hakuinua kichwa, aliniambia nisogee pembeni, ninamzibia jua.