Milango ya Sentimita Tisini

"Choo hakipungui hata sentimita moja!" Kamugisha aliipiga meza kwa kiganja, penseli ikaruka.

Miaka kumi na tano ya ndoa, Demetria hakuwahi kumwona mumewe akipiga meza. Kiwanja chao cha Madale kilikuwa kidogo, mita kumi na mbili kwa kumi na tano, na ramani Kamugisha aliichora mwenyewe. Alibana kila kitu. Sebule ndiyo hiyo hiyo ya kulia chakula, makabati ndani ya ukuta, watoto kitanda juu ya kitanda. Ila choo kilikuwa kikubwa kama chumba, na milango mipana kama ya zahanati. Demetria alichotaka ni stoo tu, ya mchele na ndoo.

Kesho yake alimfuata fundi Mwishehe kwenye msingi.

"Fundi, fremu ziwe za sentimita sabini. Baba Clara nitaongea naye mie."

Mwishehe aliweka mwiko chini. "Za sabini kiti hakitapita, Mama Clara."

"Kiti gani?"

"Si hicho cha magurudumu. Kwani..." Uso ukambadilika. "Yarabi! Mie nilidhani baba kakwambia kuhusu miguu yake."

Demetria akamkumbuka Kamugisha akijikwaa kanisani, sakafu tupu, akisingizia viatu. Akaketi juu ya tofali mbichi, wala hakuhisi maji yakipenya sketi.

Nyumbani hakusalimia. "Fundi kajua kabla yangu."

Kamugisha aliikunja ramani, akaikunjua tena. "Daktari kasema pengine miaka miwili, miguu itagoma kabisa. Nilitaka nyumba iishe kwanza, ndiyo nikwambie."

"Ili niambiwe na milango?"

Siku ya tatu Demetria alichukua raba, akaifuta kwenye ramani stoo aliyoichora mwenyewe pembeni ya choo.

"Swichi za taa umeziweka juu mno," alisema. Akavuta kiti, akaketi, akanyoosha mkono ukutani. "Utafika hapa. Andika."

Kamugisha aliandika.

Walihamia Desemba. Aliingia kwa miguu yake, taratibu, ameshika ukuta. Kiti kilikuja miezi tisa baadaye, kikapita milango yote bila kugusa fremu.

Hadi leo, mgeni akiingia ndani humo, hupapasa juu ukutani akitafuta swichi. Demetria humwacha kidogo.

"Chini," humwambia.