Skrini ya Mwanga

Wachoraji wengine wakishinda mbele ya kompyuta hurudi nyumbani macho yamewaiva kama watu waliokuwa wakipuliza kuni mbichi. Mke wa fundi makochi alirudi jioni ile macho yake ni meupe, yametulia, kama ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Aliweka mkoba, akavua viatu, akamtania mumewe kwamba vumbi la sponji limemjaa kichwani hata amekuwa kizee kabla ya wakati wake. Fundi alicheka. Kicheko kilimtoka mdomoni tu. Macho yale hakuyaona siku nyingi, na hakuwa yeye aliyeyarudisha.

Mkewe, Mama Kidoti, alikuwa akichora picha za vitabu vya watoto: kuku na vifaranga, watoto wanaoruka kamba, mvua inayokuja kwa mbali. Zamani alichorea ofisini kwa wachapishaji, kwenye kompyuta zao. Wachapishaji walipofunga chumba cha wachoraji na kuwaambia kila mmoja afanyie kazi kwake, fundi ndiye aliyejibebesha mzigo huo. Alimnunulia mkewe kompyuta mpya yenye skrini pana, nyembamba kama sinia, ikang'aa hata unajiona sura ndani yake. Aliibeba mwenyewe kutoka dukani, hakumwachia mtu. Akachonga meza ya kuiweka, akashona kiti cha kuikalia, kiti laini chenye mgongo uliopinda mahali ambapo mgongo wa mkewe ulipinda. Kwa muda mrefu kila mteja aliyeingia karakana alisimuliwa habari za kompyuta ile, atake asitake.

Siku za mwanzo mkewe alimwita. "Baba Kidoti, hebu njoo uone. Skrini hii inacheza."

Fundi aliinama, akatazama, akafinya jicho moja, akafinya la pili. "Mbona mimi naiona imetulia kama maji ya mtungini?"

"Haijatulia. Nikiitazama kidogo tu kichwa kinaanza."

"Basi ni macho yako. Nenda kapime."

Alikwenda kupima. Daktari wa macho alimsomesha herufi kubwa na ndogo, akamwangaza kwa kurunzi, akamwambia hana tatizo lolote, kisha akampa miwani ya kupumzisha macho ambayo haikupumzisha chochote. Baada ya hapo mkewe hakulalamika tena. Fundi aliuchukua ule ukimya kuwa ndio kupona. Alimwona mara nyingine amejilaza mchana na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, naye akapita kwa kunyata, akijiona mume mwema. Kisha mkewe akaanza kutoka. "Napeleka kazi kwa wachapishaji," alikuwa akisema. Akitoka asubuhi, anarudi jioni. Na sasa akarudi na macho meupe.

Kesho yake karakana ilipata mgeni, mwalimu mstaafu aliyefuata kiti chake kilichobadilishwa kitambaa. Alikikalia, akakibonyeza huku na huku, akaridhika. Alipokuwa akisubiri kifungwe kamba, akauliza, "Na zile picha zenu zimetoka?"

"Picha gani, mwalimu?"

"Si za kwa Mwanga? Kila nikienda kununua dawa zangu namwona Mama Kidoti akipanda ngazi zile. Nikasema hawa wanatengeneza albamu nzima."

Fundi alicheka tena, kicheko kingine cha mdomoni. "Bado zinasafishwa," akasema, na nyundo ikamponyoka ikamgonga kidole gumba.

Mwanga lilikuwa jina la utani la mpiga picha mwenye chumba juu ya duka la dawa. Alipewa kwa sababu hakujua kupiga picha bila kumhamisha mtu: sogea kwenye mwanga, bibi, inua kidevu kipate mwanga, bwana. Alisoma darasa moja na Mama Kidoti, na hadi leo hakuwa na mke. Miaka yote fundi aliliona jina hilo la kuchekesha. Asubuhi ile, akinyonya kidole chake kilichovimba, lilimgeukia, akasikia maana yake ile nyingine, ya mtu anayezunguka milango ya watu gizani akiwaroga waliolala. Wivu ni fundi hodari kuliko wote. Ukipewa uzi mmoja unashona vazi zima. Akakumbuka kwamba mkewe ameanza kujipaka mafuta mikononi kabla ya kutoka. Akakumbuka kwamba Mwanga, walipokutana sokoni, aliwahi kumsifu shati. Sifa za nini? Alifunga karakana jua likiwa bado halijafika utosini.

Ngazi alizipanda mbili mbili. Mlangoni palikuwa na pazia, akalitwaa kama anayeng'oa.

Mkewe alikuwa peke yake. Alimpa mgongo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kiti kigumu, kibaya, ambacho fundi asingemkalisha hata mdeni wake. Mbele yake palikuwa na skrini nene ya zamani, fremu yake imegeuka njano kama jino la mzee, na ndani ya skrini wingu la mvua likijengeka taratibu chini ya mkono wake. Chumba cha pili mtoto mchanga alilia, na sauti ya Mwanga ikamwelekeza mama yake, "Hivyo hivyo, mama, mgeuze kidogo." Fundi alisimama. Alikuwa amepanda na hasira kubwa, na sasa hakuona pa kuitua.

"Mama Kidoti."

Aligeuka. Hakushtuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kungoja kukutwa.

"Umenifuata."

"Huku ndiko kwa wachapishaji?"

"Nikimaliza hapa ndipo naipeleka kazi kwao."

"Na nyumbani kuna nini? Kuna meza. Kuna kiti. Kuna kompyuta ambayo mimi..."

"Kompyuta yako inaniumiza," alisema kwa sauti ya chini.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema imetulia kama maji ya mtungini."

Mwanga aliingia, kamera ikining'inia shingoni, akasimama alipoona nani yuko chumbani. "Karibu, shemeji," akasema. Neno hilo shemeji lilimchoma fundi kama sindano ya kushonea ngozi. Lakini mpiga picha hakuonekana kuwa na la kuficha, au alikuwa na la kuficha na alikwisha kuzoea kulificha. Alivuta kompyuta yake ya mapajani, ya kisasa, akaufifisha mwangaza wake, kisha akaielekezea kamera ya simu.

"Tazama hapa kwenye simu, usitazame kompyuta."

Fundi alitazama. Katika kioo cha simu, ile skrini iliyoonekana imetulia ilikuwa imejaa mistari myeusi iliyokimbizana kutoka juu hadi chini bila kukoma.

"Taa iliyo ndani ya skrini hizi, ukiiambia ififie, haififii," alisema Mwanga. "Inajizima na kujiwasha upesi upesi, jicho likadhani imefifia. Mimi na wewe hatuhisi kitu. Wako watu wanahisi, na yeye ni mmoja wao."

"Basi niiongeze mwangaza hadi mwisho."

"Itasaidia. Lakini kuna jambo la rangi. Skrini nyingi hazina rangi zote. Zikikosa rangi ya katikati, kila nukta inarukaruka kati ya rangi mbili za jirani, jicho lizichanganye lenyewe. Na mawingu ya mvua, shemeji, ni rangi za katikati tupu. Ndiyo maana akichora mawingu maumivu huanzia nyuma ya jicho la kushoto, kisha hushuka shingoni."

Mengine yote fundi aliyasikia kwa sikio moja. Hilo la mwisho lilimwingia. La kushoto. Alikuwa akilala ubavuni mwa mwanamke huyu mwaka baada ya mwaka, akijua anapenda mto upi na upande upi wa kitanda, na hakuwa na habari kwamba maumivu yake yana upande.

"Skrini hii yangu kuukuu taa yake haizimiki na rangi zake hazichezi," Mwanga aliendelea. "Ichukueni. Mimi nina nyingine."

"Hatuna shida ya skrini," alisema fundi.

Walirudi nyumbani wakifuatana. Fundi hakwenda karakana. Aliikalia ile kompyuta ya fahari yake, akapekua mipangilio, akapandisha mwangaza hadi kikomo, akahamisha meza karibu na dirisha ili mng'aro usimchome mkewe. Akaielekezea simu. Mistari ilikuwa imetoweka! Alimwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi. Jambo la rangi alilitafuta pia, akafungua kila mlango uliofunguka ndani ya mashine ile, asione pa kulizimia. Akajiambia hilo dogo.

Mama Kidoti alikaa, akachora. Mistari myeusi ya kalamu ilimwendea vizuri, na fundi aliyekuwa akijifanya anapanga vitambaa alimwona ameketi muda mrefu bila kukunja uso. Kisha akafika kwenye wingu. Mkono ulipunguza mwendo. Akapepesa. Akajishika panja haraka, halafu akajifanya anarekebisha nywele.

"Vipi?"

"Ni nafuu."

"Nafuu kweli?"

"Nafuu, Baba Kidoti."

Kesho yake hakutoka. Wala kesho kutwa. Mkoba ulining'inia kwenye msumari wake. Alikaa kwenye kiti laini, mbele ya skrini pana, akachora mvua, na fundi alikuwa amepata kila alichokitaka: mke nyumbani, ngazi za duka la dawa bila nyayo zake, jina la Mwanga halitajwi. Alienda karakana akipiga mluzi. Siku ya tatu alirudi mapema kuchukua mkasi, akakuta pazia la chumbani limeshushwa mchana kweupe. Mkewe alikuwa amelala kifudifudi, kitambaa chenye maji shingoni, na beseni sakafuni karibu na mkono wake kwa sababu kichwa kilikuwa kimefikia mahali pa kumtapisha.

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena.

"La kushoto?" akauliza.

Mkewe alifumbua jicho moja. "Umejuaje?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kujipa sifa hiyo, na pengine angepewa tabasamu.

"Mwanga alisema," akajibu.

Mkewe alilifumba tena jicho. Fundi aliloweka upya kitambaa, akakikamua, akamrudishia. Hivi ndivyo ushindi wake ulivyokuwa ukionekana ukiwashiwa taa: beseni, na mtu anayeugua kimyakimya ili mumewe asione haya. Alikaa pale hadi pumzi za mkewe zilipolainika, kisha akatoka, mkasi akausahau.

Safari hii ngazi alizipanda moja moja. Mwanga alikuwa dirishani, akifuta lenzi.

"Nimekuja kuichukua ile skrini," alisema fundi. Maneno hayo yalikuwa mazito mdomoni kuliko kochi la watu watatu. Kisha, kwa kuwa hayakutosha, akaongeza, "Nakuomba."

Mpiga picha aliweka lenzi chini. Hakuuliza kilichombadilisha. Alichomoa nyaya moja moja, akazikunja vizuri, akafuta vumbi la fremu ya njano kwa mkono wa shati lake, akarudia kufuta mahali palipokuwa safi tayari. Akatwaa kitambaa cheusi alichokuwa akikitundika nyuma ya watu wanaopigwa picha, akaifunga skrini kama mtu anayemfunika mtoto asipate baridi. Mezani pakabaki mraba usio na vumbi, penseli fupi iliyotafunwa mwishoni, na kikombe cheupe chenye alama ya rangi ya mdomo.

Fundi aliitambua rangi ile. Mwanga naye alimwona anatazama.

"Na kikombe chake?" aliuliza mpiga picha. "Ni chake. Alikuja nacho mwenyewe."

Wivu ulimrudia fundi, uleule, lakini sasa haukuwa na meno. Alimtazama mwanamume aliyesimama mbele yake, mabega yameshuka, mikono haijui pa kwenda. Kwa mara ya kwanza alimwona vizuri, akaona kwamba hakuwa amekosea juu ya mtu huyu. Alikosea juu ya mkewe tu.

"Kiache," akasema.

Mwanga aliitikia kwa kichwa. Akamsaidia kuipandisha skrini begani. Pazia lilipokuwa limekwisha inuliwa, alisema, akiiambia ile meza tupu zaidi kuliko mgeni wake, "Chumba kitakuwa kimya."

Skrini ile ilikuwa nzito. Fundi alipumzika mara mbili njiani, na mara zote mbili aliiweka chini kwa uangalifu mwingi.

Nyumbani alikuta Mama Kidoti ameamka, amejifunika khanga, akinywa maji. Alimtazama mumewe akifungua kitambaa cheusi, akaona fremu ya njano ikitokeza. Fundi akaisogeza skrini pana ukutani, akaiweka nene mahali pake, akapiga magoti akaingia chini ya meza na nyaya mkononi.

"Amesema nini?" sauti ya mkewe ilimfikia kutoka juu.

Chini kule palikuwa na giza, na tundu la umeme halikutaka kuonekana.

"Anakusalimu."

"Basi?"

Fundi alipapasa ukutani. "Amesema waya usivutwe sana, umechakaa."

Kikombe cha maji kilitua mezani juu ya kichwa chake, polepole. Kisha akaona miguu ya mkewe ikisogea, peku, ikakaa sawa mbele ya kiti, na kiti kikalia kidogo kwa uzito wake.

"Washa basi," mkewe akasema.