Mkono Usionawa

Homa ilimpanda Mihayo Alhamisi asubuhi. Muuguzi Eufrasia alitazama kipimajoto, akapima tena: nyuzi thelathini na tisa na nusu. Mtu mwingine angepewa vidonge akalala. Lakini Mihayo, mchimba dhahabu wa Geita, alikuwa na siku tisa tangu atundikiwe dawa za saratani, na dawa zile zikipiga ugonjwa hupiga pia askari wanaoulinda mwili. Kwake homa haikuwa ya kusubiri.

Eufrasia alimpigia simu Daktari Athanas, kisha akafunua bandeji mkononi mwa mgonjwa. Pale ilipoingia kanula, kile kirija cha kupitishia dawa mshipani, ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, na ukibonyeza kidogo usaha unatoka. Kanula ile, ya kumtundikia maji, aliichoma yeye mwenyewe, siku ya Jumatatu.

Akaikumbuka Jumatatu ile. Maji yalikatika tangu alfajiri, na chupa ya kutakasia mikono iliyoning'inia ukutani ilikuwa tupu. Stoo ilikuwa mwisho wa korido, na mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa akitapika. Alitoka kumshika yule, akavaa glovu mpya juu ya mikono ambayo hakuinawa, akavuta pazia kwa glovu zilezile, ndipo akamchoma Mihayo sindano ya kanula. Dakika mbili za kwenda stoo alijiona hana.

Daktari alifika, akaagiza damu ipelekwe maabara na dawa kali za kuua vijidudu zianze saa ileile. Kanula ikang'olewa. Hakuna aliyeuliza ilichomwaje, na Eufrasia hakusema.

Mchana shangazi wawili wa Mihayo waliingia kutoka Kishapu. Walipoambiwa habari ya homa walimgeukia mama yake, wakamkumbusha kibuyu cha maziwa ya mgando alichombebea mwanawe Jumanne, ambacho wauguzi, kwa kuhofia vijidudu, walikizuia baada ya kijana kuonja funda moja tu. Walisema walimwonya. Mama Mihayo hakujitetea. Aliinama, akawa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake, na machozi yakimdondokea magotini.

Eufrasia alikuwa anaandika kwenye faili. Kalamu ikamsimama. Ilikuwa rahisi mno kunyamaza. Maziwa yale yalikuwa yamekwisha kumbebea kosa lake. Akaenda kwanza kwa inchaji, msimamizi wa wodi, Sista Hosiana, akamweleza yote. Sista alimsikiliza, akamwambia aandike taarifa, kisha akauliza kama angependa asindikizwe. Eufrasia akasema ataenda peke yake.

Alimkuta mama kwenye benchi la nje, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Si maziwa yako. Vijidudu vimeingia kupitia sindano, na sindano niliichoma mimi. Sikunawa mikono. Nisamehe."

Mama Mihayo aliitazama mikono ya Eufrasia. Kisha akainuka, akaenda zake ndani.

Siku mbili hakuitikia salamu yake. Kila Eufrasia alipokaribia kitanda, mama alikodolea macho mikono yake mpaka amalize kuinawa na ikauke. Eufrasia hakulalamika, aliona ni haki ya mama. Sista Hosiana naye alihamisha chupa za kutakasia mikono, moja kila kitanda, na akapeleka ndoo ya maji yenye koki mlangoni ili maji yakikatika kazi isikatike.

Jumapili homa ilishuka. Mihayo aliomba uji, akanywa nusu kikombe, akalalamika kwamba hauna sukari. Daktari alisema dozi inayofuata itacheleweshwa wiki mbili, lakini itaendelea.

Jioni hiyo mama alimfuata Eufrasia kwenye sinki.

"Bado nina hasira nawe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ungenyamaza, mwanangu, yale maziwa ningekwenda nayo kaburini."

Mama akafungua bomba, akasogea kidogo kumpa nafasi, wakanawa pamoja, kisha wakaingia kumgeuza Mihayo, mmoja kila upande wa kitanda.