Kanana Hayumo Kitabuni

Kitabu kilichompa Shangazi Nadhira tuzo ndicho kilichoninyima mimi kitambulisho.

Najua nimesema kwa ukali, na yeye mwenyewe angeniambia nilainishe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu ukeketaji, kilimletea vitisho mpaka akakimbilia Norwe. Huko ugenini akaandika cha pili, juu ya asili yetu sisi Waislamu wa Majengo, Meru. Babu yake, askari kutoka Sudan, anafika mlimani asikomjua mtu na anabaki mgeni hadi kufa. Wazungu walilia machozi. Mimi nilikisoma tena na tena, nikaringa nacho shuleni utadhani nimekiandika mwenyewe.

Nilipofikisha umri wa kitambulisho nilikwenda mbele ya kamati ya wazee inayohoji waombaji. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, akakitoa kitabu mkobani.

"Mwanarusi, hii si ni ya auntie yako? Amesema nyinyi ni watu wa Sudan. Sasa sisi tubishe?" Wakanirudishia fomu yangu bila sahihi.

Baba ana bucha, na hasira zake haziko mbali. Alimpigia dada yake simu palepale. "Umetuuza huko, sasa njoo uturudishe!"

Akaja. Nilimtarajia yule mwanamke wa kwenye picha, kidevu juu. Nikapokea mtu aliyenyong'onyea, asiyeweza kunitazama usoni. Jioni, tukichambua sukuma wiki, akanieleza kwamba babu yake alimwoa Kanana, binti wa Kimeru kutoka Laare, aliyesilimu kwa ajili yake. Ndiye bibi aliyewalea yeye na baba.

"Nilimwandika, Mwanarusi. Sura mbili nzima. Kisha nikaona mtu asiye na kwao anasomeka vizuri zaidi, nikamtoa Kanana. Hakuna aliyenilazimisha."

Akalia huku mikono yake ikiendelea na mboga. Nilimhurumia na kumchukia kwa wakati mmoja.

Tulikwenda Laare kwa Mzee Murungi, mtoto wa kaka yake Kanana. Tulimkuta akifunga miraa kwa majani ya mgomba. Shangazi alipiga magoti pale pale kwenye udongo, akaomba radhi. Mzee hakumwinua.

"Binti yangu alinisomea hiyo kitabu yote," akasema. "Nikawa nangoja tufike kwa Kanana. Tukamaliza." Kisha akanigeukia mimi. "Alhamisi nitakuja kwa hiyo kamati."

Na kweli alikuja, amevaa koti lake la kanisani, akasimama mbele ya kamati.

"Huyu msichana ni wetu. Ni damu ya Kanana, dada ya baba yangu. Na huyu," akamshika baba bega, "ni wetu pia."

Mwalimu mstaafu akamwelekezea shangazi kalamu. "Na huyu mama?"

"Huyo ni mwandishi," akasema Mzee Murungi.

Baba akatazama viatu vyake. Shangazi akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu arudi. Nilijua anachosubiri: niseme tu kwamba huyu ni shangazi yangu. Lakini Mzee Murungi alikuwa bado hajatia sahihi ya ushahidi wake, na karani wa kamati alikuwa amekwisha kufungua wino wa alama za vidole. Nikampa vidole vyangu kimoja baada ya kingine, nimeinamisha kichwa, mpaka nikasikia viatu vya shangazi vikitoka nje.